Kwako Zuhura, kuhusu ile sindano

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Huku Tanga hatujambo. Bibi anakohoa lakini bado anagombana na majirani, kwa hiyo ni mzima. Vituko vya harusi ya Mwajuma nitakuandikia siku nyingine, leo nina hili la sindano tu.

Uliponiambia kwenye simu kwamba yule dada wa Kariakoo anakuuzia sindano ya kupunguza unene, na kwamba ulirudia mwili wako wa zamani "kwa ulafi tu," nilinyamaza kwa sababu foleni ya kliniki ilikuwa imenizunguka. Sasa niko nyumbani. Ulafi umeutoa wapi wewe?

Chini kabisa ya ubongo kuna sehemu ndogo inaitwa haipothalamasi. Tumbo likiwa tupu linatoa homoni ya ghrelini, inapanda kule kudai chakula. Ukila, utumbo unatoa homoni nyingine za kusema basi. Na hayo mafuta unayoyachukia yana kazi: yanatoa leptini, ambayo ni kama karani wa ghala anayepeleka hesabu ya akiba kwa tajiri. Leptini imejulikana juzi tu, mwaka 1994, kwenye maabara ya Jeffrey Friedman kule New York, kwa kuchunguza panya wanene kupindukia ambao miili yao haiwezi kuitengeneza. Mwaka 1997 madaktari wa Cambridge, Uingereza, wakaeleza habari za watoto wawili, mtu na binamu yake, wenye upungufu huohuo. Hawakuwa wanashiba, Zuhura! Mmoja wao alipoanza kuchomwa leptini, hamu ya kula ikashuka na mwili ukapungua. Mtoto yule angezaliwa mtaani kwetu angechapwa kwa kudokoa mboga.

Usikimbilie kuuliza leptini inauzwa wapi. Wanene wengi wanayo tele, ubongo wao ndio hauitikii. Tatizo lako wewe ni kule kujinyima kwa maji ya ndimu na matango (Mama Shuu na ndimu zake, Mungu anamwona). Ukijinyima hivyo, leptini inaporomoka, ubongo unadhani kumeingia njaa ya nchi nzima. Unakuongezea hamu, na nguvu unazotumia unazibana. Kule Melbourne waliwapunguza watu kwa chakula kidogo sana wiki 10. Mwaka mmoja baadaye, homoni za wale waliobaki kwenye utafiti bado zilikuwa zinadai chakula kuliko kabla hawajaanza. Mwaka mzima! Na hao hawakuwa wanakaanga vitumbua tangu alfajiri.

Halafu usingizi. Unalala saa sita kwa ajili ya tamthilia, saa tisa uko jikoni. Mwaka 2004 kule Chicago vijana wazima walilazwa kwa muda wa saa nne tu kila usiku, usiku mbili mfululizo: ghrelini ikapanda, leptini ikashuka, wakatamani vitu vitamu na vya wanga. Wewe unafanya hivyo kila siku, tena mbele ya karai!

Narudi kwenye sindano. Semaglutaidi, dawa ya sindano za kupunguza unene, ni dawa ya kweli, ilianza kwa wagonjwa wa kisukari; inaiga homoni mojawapo ya utumbo na watu wanapungua kwelikweli. Ila ukiiacha, njaa inarudi na kilo nyingi zinarudi nayo. Inaleta kichefuchefu, mjamzito hatumii, na kabla ya kufunguliwa inakaa kwenye friji. Huyo dada anazitoa kwenye mkoba saa saba mchana! Ndani mna nini, nani anajua? Hela hiyo usimpe. Nenda hospitali kwanza upimwe sukari na presha, nauli nitakutumia.

Na nijibu haya bila kunizungusha: umeshamlipa au bado? Kile kichupa kina lebo, na imeandikwa lugha gani? Kwenu kuna aliyewahi kuugua saratani ya tezi ya shingo? (Lazima daktari aambiwe.) Siku zako zinakuja sawasawa? Dullah hawezi kukupokea kazi ya kukaanga hata siku mbili kwa wiki ulale? Na nani hasa alikuambia umenenepa, maana kama ni wifi yako nataka namba yake.

Wako,
Mwanahawa