Barua ya wazi kwa Waziri wa Habari: subirini wafiwa wajue kwanza

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, nianze na kosa langu kabla sijagusa la wizara yako.

Mchana mmoja nikiwa kazini, simu ilitetema. Ilikuwa picha ya mwigizaji mmoja mkongwe, imegeuzwa nyeusi na nyeupe, mshumaa pembeni, na chini yake maneno: "Pumzika kwa amani, gwiji." Sikuuliza imetoka kwa nani. Kabla akili haijafika, kidole kilikuwa kimeshafika. Nikaitupa kwenye kundi la WhatsApp la ofisini, nikatia na emoji tatu za kulia, nikarudi kwenye kazi zangu.

Dada anayekaa meza ya tatu kutoka yangu akasimama. Hakupiga ukunga. Alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba chombo kilichojaa maji pomoni, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, nani amekuambia?" Yule gwiji alikuwa baba yake mdogo. Pale ofisini hakuna aliyejua, maana dada yule si mtu wa kujitapa. Asubuhi ile ile alipita hospitalini, akamwacha mzee analalamika kuwa mto ni mgumu.

Akapiga simu ya kwanza, ya pili, ya nne. Zote zinatumika; ndugu nao walikuwa wanapigiana wao kwa wao. Ilipita kama nusu saa ndipo ikajulikana kuwa mzee yu hai. Alifariki siku mbili baadaye, usiku. Familia ilipotoa tanzia, mtu mmoja akaandika chini yake: "Huyu si alishakufa juzi?"

Siku ile nilipobanwa nilijitetea kwa kusema kwamba hata ukurasa wa wizara umeshatoa rambirambi. Na kweli ulikuwa umetoa, pamoja na nembo na picha yako, Mheshimiwa. Jioni rambirambi ikafutwa kimya kimya. Mimi nilikwenda kwa yule dada nikaomba radhi. Wizara haijaenda.

Usinielewe vibaya, sikuandikii ili uwakataze watu kulia. Kila akifa mtu maarufu hujitokeza mwerevu wa kuuliza, "Kwani alikuwa ndugu yako?" Swali hilo limeshajibiwa. Mwaka 1956 wasomi wawili wa Marekani, Donald Horton na R. Richard Wohl, waliandika kuhusu ukaribu unaojengeka kati ya mtazamaji na mtu wa kwenye skrini: anaingia sebuleni kwako kila jioni, anazungumza akikutazama machoni, unajua anavyocheka na anavyokasirika, ilhali yeye hata jina lako halijui. Ukaribu wa upande mmoja ni ukaribu pia. Unapokatika unauma, tena unauma vibaya kwa sababu hakuna wa kukupa pole. Mwajiri hakupi ruhusa kwa msiba wa mwanamuziki. Mkeo anakushangaa. Ndiyo maana watu hukimbilia walipo wenzao.

Nao hawakuanza leo. Mwigizaji wa filamu Rudolph Valentino alipofariki New York mwezi Agosti 1926, akiwa na umri wa miaka 31, watu wapatao laki moja walijaa mitaani, vioo vya jumba la mazishi vikavunjwa, polisi wa farasi wakaitwa. Mwimbaji Umm Kulthum alipozikwa Cairo mwezi Februari 1975, umati ulilichukua jeneza kutoka kwa wabebaji rasmi ukalipitisha mitaani kwa njia yake wenyewe. Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, watu walizimia wakati wa kumuaga. Hapo hapakuwa na wazimu. Mtu analia wimbo uliokuwa ukipigwa alipopata kazi ya kwanza, au filamu aliyoitazama na mama yake ambaye naye hayupo tena. Marehemu ameondoka na kipande cha umri wake, na chozi linapata pa kutokea.

Shida huanza pale huzuni inapotaka kuwa mtawala. Diana alipofariki Paris tarehe 31 Agosti 1997, watoto wake walikuwa na miaka 15 na 12, na bibi yao, Malkia Elizabeth, alikuwa nao Balmoral, Uskoti. Magazeti ya Uingereza yakaja juu: mbona bendera haipepei nusu mlingoti kwenye kasri la Buckingham, mbona Malkia haonekani? Ilibidi arudi London, na tarehe 5 Septemba akahutubia taifa kwenye televisheni. Najua wako wanaosema alistahili kusukumwa. Mimi kila nikikumbuka wiki ile naona umati unaomtaka bibi awaache wajukuu waliofiwa na mama, aje kuwafariji watu wasiomjua. Siku hizi tunafanya hivyo hivyo kwa kipimo kidogo. Msanii ambaye hajaposti chochote anaulizwa mbona kimya, walikuwa na bifu? Aliyeposti anachambuliwa kachagua picha gani. (Na zipo picha za rambirambi ambazo marehemu amekatwa sikio ili mwenye ukurasa atokee vizuri.) Sitaki hata kuanza habari ya wanaosema "ametolewa kafara" kabla daktari hajatia saini, hao hawana dawa, na wewe huwezi kuwatungia kanuni.

Lakini kasi ina dawa, angalau kwenye ofisi za umma. Tarehe 25 Juni 2009, taarifa za kifo cha Michael Jackson zilipoanza kutoka, watu waliomtafuta Google walikuwa wengi kiasi kwamba mitambo ilidhani inashambuliwa, ikawarudishia ujumbe wa hitilafu. Siku hiyo hiyo ukavuma uzushi kwamba mwigizaji Jeff Goldblum ameanguka kutoka kwenye jabali huko New Zealand na kufa. Yuko hai hadi sasa ninapoandika. Asubuhi ya siku ile ile alikuwa amefariki mwigizaji Farrah Fawcett, kweli kabisa, na kufikia jioni ni kama vile hakuwahi kufa.

Wala si intaneti peke yake. Marcus Garvey, mtetezi wa haki za watu weusi, alipopata kiharusi mwaka 1940 akiwa London, magazeti yalitangaza kifo chake, naye akasoma tanzia zake mwenyewe, nyingine zikimsema vibaya. Tarehe 10 Juni mwaka huo akafariki kweli.

Sasa nije kwenye kisa ambacho ningependa ukisome mara mbili, kwa sababu kinahusu watu kama wewe. Tarehe 26 Januari 2020 helikopta ilianguka Calabasas, California, ikaua watu 9, miongoni mwao mchezaji wa mpira wa kikapu Kobe Bryant na binti yake Gianna aliyekuwa na miaka 13. Tovuti ya habari za mastaa ilitangaza kabla familia hazijaarifiwa. Mkewe, Vanessa, alieleza baadaye kwamba salamu za "pumzika Kobe" zilikuwa zinachomoza kwenye simu yake wakati yeye bado anashikilia tumaini kwamba kuna waliopona. Mkuu wa polisi wa Kaunti ya Los Angeles akasimama mbele ya kamera akakemea tovuti ile: ni kukosa heshima mtu apate habari ya kifo cha mpendwa wake kwa njia hiyo. Maneno ya kiungwana kabisa.

Wakati huo huo askari wake mwenyewe walikuwa na picha za miili kwenye simu zao. Mmoja alimwonyesha mhudumu wa baa. Raia aliyekuwepo akachukizwa, akapeleka malalamiko, na mkuu yule akawaambia askari wazifute, yaishe. Hayakuisha. Mwezi Agosti 2022 baraza la mahakama liliamua kaunti imlipe Vanessa dola milioni 16, na mwenzake aliyempoteza mke na binti katika ajali ile milioni 15. California ilikuwa imeshatunga sheria, iliyoanza kutumika Januari 2021, inayolifanya kuwa kosa la jinai kwa askari au mwokoaji kupiga picha za marehemu eneo la tukio bila sababu ya kikazi.

Unaona ninapoelekea, Mheshimiwa. Picha ya maiti ya mtu maarufu haitokei hewani. Mashabiki hawaingii chumba cha maiti. Anayeingia ni mtu mwenye kitambulisho, na mara nyingi analipwa mshahara na serikali. Wakati mwingine ni ndugu: picha ya Elvis Presley ndani ya jeneza mwaka 1977 ilipigwa na binamu yake, na gazeti lililoichapisha ukurasa wa mbele liliuza zaidi ya nakala milioni 6. Wakati mwingine ni wahudumu wa mazishi, kama wale wa Argentina waliopiga picha kando ya jeneza la Diego Maradona mwezi Novemba 2020, uso wa marehemu uko wazi, mmoja wao ameinua kidole gumba. Walifukuzwa kazi. Huwa najiuliza kidole kile kilikuwa kinamwambia nani kwamba mambo ni safi.

Ombi langu la kwanza basi ni kwa wizara yenyewe. Ukurasa wenu usitoe rambirambi kwa mtu yeyote hadi familia au aliyeteuliwa nayo amesema kwa kinywa chake. Hilo halihitaji bunge wala bajeti, ni simu moja tu. Najua vijana wako wa mawasiliano wanaogopa kuonekana wamechelewa. Waambie hakuna mfiwa aliyewahi kulalamika kwamba waziri alichelewa kwa saa tatu.

La pili lataka sheria, na utahitaji kukaa na wenzako wa afya na wa mambo ya ndani: simu ya mtumishi isipige picha mochwari, kwenye gari la wagonjwa au eneo la ajali, isipokuwa kazi inadai. Na imlinde kila maiti. Asiye maarufu naye hupigwa picha, ila yeye hana wakili.

Kuna ombi ambalo silitoi, na nakusihi usilitoe wewe kwa niaba yangu. Usituletee sheria ya kumfunga kila aliyesambaza tanzia ya uongo. Najua inavyotamanisha, mimi mwenyewe ningekuwa wa kwanza kufungwa. Sheria za namna hiyo huanza na wazushi wa misiba, zikaishia kwa waandishi wanaowauliza mawaziri maswali.

La mwisho ndilo zito zaidi, nami nitalisema taratibu. Mtu maarufu anapojiua, namna tunavyotangaza inaweza kuua wengine. Mwaka 1974 mwanasosholojia David Phillips alionyesha kuwa mwezi uliofuata kifo cha mwigizaji Marilyn Monroe, cha Agosti 1962, vifo vya kujiua Marekani vilipanda kwa asilimia zipatazo 12. Baada ya kifo cha mwigizaji Robin Williams, Agosti 2014, watafiti walihesabu vifo 1,841 zaidi ya vilivyotarajiwa katika miezi iliyobaki ya mwaka ule, ongezeko la kama asilimia 10. Binti yake Zelda alitumiwa picha za kughushi za maiti hadi akajitoa Twitter kwa muda.

Lakini mwanamuziki wa rock Kurt Cobain alipojiua Seattle mwezi Aprili 1994, wengi walitarajia wimbi la vifo mjini humo na halikuja. Kilichopanda ni idadi ya waliopiga simu vituo vya ushauri. Watafiti walilihusisha hilo na jinsi mambo yalivyoshughulikiwa: muziki wake ulisifiwa, kitendo hakikusifiwa, na watu walielezwa wazi wapi pa kupata msaada. Shirika la Afya Duniani lina mwongozo kwa waandishi tangu mwaka 2000, na limeurekebisha zaidi ya mara moja: msieleze njia iliyotumika, msiiweke kwenye kichwa cha habari, msidai sababu ni moja, wekeni namba ya msaada. Uchapishe kwa Kiswahili, Mheshimiwa, ukurasa mmoja, ufike kila chumba cha habari na kwa kila mwenye ukurasa wa umbea mwenye wafuasi wengi kuliko gazeti. Hao wa umbea waite kwa jina la heshima, watakuja.

Yule dada wa meza ya tatu bado tunafanya kazi pamoja. Bado yumo kwenye lile kundi, ila amelinyamazisha. Juzi kulikuwa na tanzia nyingine ya msanii, ya kweli mara hii, na nilimwona mwenzetu mmoja amenyanyua simu atume, akageuka kwanza kumtazama yeye. Dada akatikisa kichwa kwamba huyo si wao. Ndipo akatuma.

Nasubiri majibu ya wizara yako. Yakichelewa kidogo sitanung'unika.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Raia aliyebonyeza kabla ya kuuliza