Kwa Hamisi, kuhusu Arcasa na Guyon

Mwanangu Hamisi,

Salamu kutoka nyumbani. Mama yako mzima, mahindi ya vuli tumeshapanda, na mdogo wako anakusalimu.

Tangu ulipopiga simu Jumapili kuna neno limenikaa rohoni. Ulisema, "Baba, mimi kazi yangu kusukumana tu. Mpira siushiki, jina langu halitajwi." Simu ikakatika kabla sijakujibu. Nakujibu sasa.

Ulipokwenda Pennsylvania nilianza kuusoma huo mpira wenu wa Kimarekani, ili nikitazama video zako nijue ninachokitazama. Kusoma kukanifikisha Carlisle, mji mdogo ulio jimbo hilohilo unaloishi. Mwaka 1879, afisa wa jeshi Richard Henry Pratt alifungua pale shule ya bweni, ndani ya kambi ya zamani ya askari, kwa ajili ya watoto wa wenyeji wa asili wa Marekani, wale tuliozoea kuwaita Wahindi Wekundu. Mtoto akifika ananyolewa nywele, anapewa jina jipya, anakatazwa lugha ya mama yake. Wengine hawakurudi kwao. Wamezikwa hapohapo, na baadhi ya mawe ya makaburi yameandikwa tu kwamba aliyelala hapo hajulikani. Nililitazama moja kwenye picha mpaka chai ikapoa. Mtoto katoka kwa mamaye ana jina, kazikwa hana.

Vijana wa shule hiyo ndio waliocheza msimu wa 1912, na ndio ninaotaka uwajue. Kocha alikuwa Pop Warner. Nyota alikuwa Jim Thorpe, kijana wa kabila la Sac na Fox kutoka Oklahoma, aliyekuwa ametoka Stockholm kiangazi hicho na dhahabu mbili za Olimpiki. Mwaka huohuo sheria zilibadilishwa: kuuvusha mpira mstari wa mwisho kukawa pointi 6 badala ya 5, na timu ikapewa nafasi nne, si tatu, za kusogea yadi 10. Wewe unaelewa kuliko mimi hiyo maana yake nini kwa watu wa mstari wa mbele.

Walicheza mechi 14. Chuo cha Villanova walipigwa 65–0, cha Syracuse 33–0. Chuo kiitwacho Washington na Jefferson kikawabana, sare ya bila kwa bila. Kisha, Novemba 9, wakapanda kwenda West Point kucheza na chuo cha maofisa wa jeshi. Fikiria hiyo safari. Mauaji ya Wounded Knee, ambako askari wa Marekani waliwaua watu wa kabila la Lakota, wanawake na watoto wamo, yalikuwa ya 1890. Miaka 22 tu. Sasa vijana wa makabila yale wanasimama uwanja mmoja na maofisa watarajiwa wa jeshi lile, kwa sheria sawa na idadi sawa ya watu. Carlisle walishinda 27–6.

Kila anayeisimulia mechi hiyo humtaja Thorpe, na kweli alikimbia kama upepo. Kwa upande wa jeshi alikuwepo Dwight Eisenhower, rais wa baadaye, akihangaika kumdhibiti. Lakini hesabu mwenyewe, mwanangu. Pointi 27 ni mara nne kuvusha mstari, na mateke matatu ya nyongeza, pointi moja kila teke. Katika hizo nne, tatu ni za Alex Arcasa. Jeshi zima lilikuwa linamkodolea macho Thorpe, Arcasa akapita.

Apite wapi, kama njia haijafunguliwa? Hapo ndipo ninapomtaka Joe Guyon wa Carlisle, kijana wa kabila la Ojibwe kutoka Minnesota, aliyecheza mstarini kama wewe. Nahodha wa jeshi, Leland Devore, alisukumana naye kipindi chote cha kwanza. Kipindi cha pili kilipoanza uzalendo ukamshinda, akamvamia Guyon, akatolewa nje. Mtu hapandwi na hasira namna ile kwa mpinzani asiye na kazi. Guyon alikuwa amemchosha.

Mimi nilicheza namba sita miaka tisa ligi ya mkoa, mkata umeme. Magoli yangu yote hayafiki vidole vya mkono mmoja. Mwaka tuliochukua kombe, jina langu halikusomwa kwenye sherehe, nikarudi nyumbani na uchungu, nikakaa nao muda mrefu. Sikuwahi kukwambia. Lakini Mzee Saidi, aliyekuwa mshambuliaji wetu, mpaka leo akinikuta sokoni hunishika mkono kwa mikono miwili.

Carlisle baadaye walifungwa na Chuo Kikuu cha Pennsylvania 34–26, ndiyo mechi pekee waliyopoteza, wakamaliza msimu kwa kuwapiga Chuo Kikuu cha Brown 32–0. Ushindi 12, sare moja. Januari 1913 Thorpe akavuliwa medali zake kwa sababu aliwahi kulipwa kucheza besiboli, na Olimpiki za wakati ule zilikuwa za wasiolipwa tu. Ilichukua mpaka 1983 warithi wake kukabidhiwa medali nyingine, na mpaka 2022 kutambuliwa tena kuwa mshindi pekee. Hilo linaniuma hadi leo. Shule yenyewe ilifungwa 1918.

Carlisle si mbali na chuo chako. Siku mkipumzika, nenda. Makaburi yapo karibu na barabara. Soma majina yaliyopo kwa sauti, na pale pasipo na jina simama kidogo uwaombee dua.

Halafu nitumie video ya mechi ya Jumamosi, nzima, si ile ya vipande vya wafungaji. Nakutafuta wewe, namba 64. Na goti lako la kushoto je? Eisenhower aliumia goti wiki moja tu baada ya mechi ile, na kucheza kwake kukaishia hapo. Likivimba mwone daktari siku hiyohiyo, usimfiche kocha. Mama yako anasema ulifunge kitambaa cha maji ya moto chenye chumvi.

Baba yako