Wasifu wa babu yako ulisomwa dakika mbili

Baba, wajina wa babu,

Hujambo mwanangu. Naandika hii kwenye simu saa saba za usiku, dada yako ataiprinti kesho tumpe yule jirani anayekuja huko kambini kumwona mwanae, maana simu zenu walishazikusanya na mimi nina maneno mengi.

Kwanza nikuombe radhi. Babu alifariki alfajiri ya Jumanne, Jumatano jioni tukawa tumeshamzika, na mimi ndo niliyesema usiambiwe mpaka tumalize. Niliona uko mbali, ungefika umekuta udongo tu, na siku ile ya mwisho kupiga simu ulishaniambia JKT wiki ya kwanza tu imekutoa roho. Huenda nilikosea. Bibi yako anasema nilikosea, tena kila siku, nikianza kujitetea anainuka anaenda kuchochea moto. Kwa hiyo kama una hasira zilete kwangu, mjomba zako wasihusike.

Sasa huko msibani. Mjomba wako mkubwa ndo alisoma wasifu wa marehemu, unamjua anavosoma kama anafukuzwa, kazaliwa 1956, kasoma mpaka darasa la saba, kaoa, kaacha mjane, watoto watano, wajukuu kumi na nne, na hapo katikati kasentensi kamoja, "pia alishiriki vita vya Uganda". Akageuza karatasi. Kuna mzee mmoja alikuwa kakaa kwenye mkeka nyuma kabisa, kofia kaiweka gotini, akapaza sauti, "Lukaya! Taja Lukaya!" Watu wote wakageuka. Mjomba akajikohoza, akaruka kwenye kutambulisha wageni. Yule mzee hakusema tena neno, ila wakati jeneza linashushwa alisimama kakakamaa, mkono kwenye kofia, mpaka udongo ukajaa, na mguu wake mmoja ni mbovu yule.

Lukaya mimi naijua. Kati ya watoto watano nadhani ni mimi tu aliyewahi kuniambia, na sitaki iishie kwangu.

Ya shuleni unayo, Amin kaingia Kagera Oktoba 1978, daraja la Kyaka likalipuliwa, Mwalimu akatangaza vita. Babu alikuwa na miaka 22, analima pamba, na alikuwa mgambo wa kijiji. Mgambo, siyo askari wa kudumu, hilo watu wanachanganya sana na yeye alikuwa analisahihisha kila mara. Kipindi kile hadi mabasi na malori ya raia yalichukuliwa kubeba askari, na wao saba wa kijijini kwetu waliondoka siku moja kwenye lori la kubebea marobota ya pamba. Bibi yako alikuwa na mimba ya mjomba mkubwa. Mjomba kazaliwa Januari 1979, mwezi uleule jeshi letu linaichukua Mutukula, pale mpakani upande wa Uganda, na baba mtu hana habari kama kapata mtoto wala kama mama kapona. Kuvuka kule ni kutembea, anasema alitembea mpaka akawa analala huku miguu inaendelea.

Masaka ikaanguka tarehe 24 Februari. Baada ya hapo ndo Lukaya, barabara ya kwenda Kampala inapokatiza kwenye bwawa la mafunjo, kulia maji, kushoto maji, huna pa kujificha. Brigedi yao ilikuwa ya 201, imejaa mgambo watupu kama yeye. Tarehe 10 Machi jioni wakakutana na jeshi la Amin pamoja na Walibya walioletwa na Gaddafi, wale jamaa wakafyatua makombora ya Katyusha. Anasema mengi yalipita juu ya vichwa vyao, yakaenda kuangukia nyuma, lakini ule mlio hajawahi kuusikia tena na hataki kuusikia (ndo maana mwaka mpya fataki zikianza alikuwa anaingia ndani anawasha redio, na nyie mnacheka kwamba babu kazeeka).

"Tukakimbia, mama." Hivohivo alivoniambia. Hakusema tulirudi nyuma, hakusema tulijipanga upya. Walikimbia gizani, wengine wakaingia kwenye bwawa, na baadae wakakusanywa, kamanda anapita anawahesabu kwa kuwagusa bega kwa sababu taa haziwashwi. Wa kijijini kwetu wakapatikana watano. Alfajiri akatokea wa sita, matope mpaka kifuani, bunduki kaishika juu. Wa saba hakutokea. Siku hiyohiyo, tarehe 11, wakageuzwa wakarudi palepale walipokimbia, brigedi nyingine ya 208 ikaja kuwapiga wale kwa ubavuni, na Walibya na watu wa Amin wakafurushwa. Mwezi mmoja baadae Kampala ikaanguka. Hiyo ya Kampala, ambayo wenzake walikuwa wanaiimba kila wakikutana, yeye aliipitia juujuu tu.

Unajua aliniambia lini? Nilikuwa nimetoroka chuo. Hukuwa unajua hilo, eeh? Mwaka wa kwanza unesi, wiki ya tatu, nikapelekwa wodini nikaona nilichoona nikafunga sanduku nikarudi nyumbani. Nikategemea fimbo. Akanipa kigoda nikae pale kwenye kibanda chake cha baiskeli, akaendelea kunyoosha ringi ya mtu, akanisimulia yote hayo bila kuniangalia, kamaliza akasema nikalale. Asubuhi saa kumi na moja nikakuta sanduku limeshafungwa kwenye karia ya baiskeli. Kilometa zaidi ya thelathini tulizipiga, kwenye kilima anashuka anasukuma, mimi nimekaa kama mzigo wa mkaa. Hakunisema hata kidogo. Sikuambii kwa sababu ya yale uliyolalamika kwenye simu, au labda ni kwa sababu hiyo, sijui, imenijia tu.

Kazi yake uliiona mwishoni, hujaiona ilivoanza. Alirudi 1980, mjomba yako anatembea tayari na anamkimbia baba yake analia. Watu walitegemea aje na redio ya kaseti kama wengine, yeye kaja na blanketi. Nchi ndo ilikuwa kwenye ile miezi 18 ya kujifunga mkanda aliyotangaza Mwalimu, ambayo wazee wote watakwambia haikuishia miezi 18. Sabuni hakuna, watu wanafulia majani ya mpapai, duka la serikali la RTC foleni inaanza usiku, unga ule wa njano watu wakauita wa Yanga. Na tyubu za baiskeli hakuna kabisa, mtu anajaza nyasi kwenye tairi anapanda hivohivo. Basi babu akaanza hapo. Anakata tyubu iliyokufa anapata viraka ishirini, gololi anaziosha kwa mafuta ya taa anazirudisha, spoki anaitoa kwenye baiskeli tatu anaponya moja. Analima pamba asubuhi, baiskeli mchana, na usiku kibatari kinawaka anaunga cheni. Kwa viraka hivohivo tumesoma wote watano. Alikuwa mkali, sikufichi, na ulimi wake ulikuwa unakata, kuna miaka mjomba wako wa pili walikuwa hawasemeshani kwa ajili ya ng'ombe mmoja.

Halafu kuhesabu. Hilo umelikuta mwenyewe, akifunga mlango usiku lazima atuhesabu, anakugusa bega hata kama umelala, ukiwa umelala kwa jirani bila kuaga atakufuata na tochi saa sita. Sisi tulimtania, tukamwita karani wa sensa. Nimeolewa, nimezaa, nikija likizo bado naguswa bega. Usiku wa kuamkia mazishi nyumba imejaa watu, wamelala mpaka korido, bibi yako akanyanyuka na tochi akaanza kupita. Nikamwambia mama, lala. Akasema subiri kwanza.

Kingine ndo hiki. Jana kaja mteja, kijana tu, aliacha baiskeli yake ya Phoenix kwa babu siku tatu kabla, hakujua habari za msiba. Tumeikuta kibandani imepinduliwa, habu ya nyuma imefunguliwa, gololi ziko kwenye kifuniko cha kopo na mafuta yake. Mjomba akataka kumpeleka kwa fundi wa stendi, yule kijana akasema hapana, atasubiri, aliambiwa na babu kwamba wajina wake akirudi JKT anajua kufunga habu. Kweli unajua? Mimi sikujua kama alishakufundisha. Tumeifunika na turubai. Spana namba 15 usiitafute kwenye boksi, iko mfukoni mwa lile koti lake, hatujaitoa.

Mama yako