Kabla Hujanunua Mpira wa Maji

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na swali lako la iwapo ununue mpira mrefu zaidi ili umwagilie bustani asubuhi na jioni nimelisoma mara mbili, maana nami niliwahi kukosea hapohapo. Fedha hizo zihifadhi kwanza. Siku moja baada ya kumwagilia, chimba shimo la kina cha sentimita 30 uutazame udongo. Ukiukuta umekauka tena ilhali jana yake ulilowa, ujue hauwezi kuyatunza maji, na kuongeza zamu za kumwagilia hakutaubadili.

Umesema udongo wako ni wa kichanga. Chembe za mchanga ni kubwa na nafasi zilizo kati yake ni pana, hivyo maji huzama upesi kupita mizizi. Kinachoyashika ni mboji, yaani mabaki ya mimea na wanyama yaliyokwisha kuoza, ambayo hufyonza maji na kuyaachia polepole. Basi tandaza mboji iliyoiva, au samadi iliyooza vizuri, kwa unene wa sentimita 5 hivi, kisha uichanganye na udongo wa juu. Samadi mbichi usithubutu kuitia, kwa kuwa huunguza mizizi. Hata kwa udongo wa mfinyanzi dawa ni mboji hiyohiyo: mimi niliutilia wangu mchanga kidogo nikitaka ulainike, nikaambulia kitu kigumu kama tofali.

Ukimaliza, mwagilia hadi maji yazame, ndipo ufunike kwa matandazo ya majani makavu au nyasi zisizo na mbegu, sentimita 5 hadi 8, ukiacha nafasi kuzunguka mashina yasije yakaoza. Maranda ya mbao yakae juu tu, kwani ukiyachanganya ndani, vijidudu vinavyoyaozesha huigombea naitrojeni ambayo mimea inaihitaji.

Usitarajie makubwa katika msimu wa kwanza. Viumbe wa udongoni huimaliza mboji, tena upesi zaidi penye joto, kwa hiyo itakubidi uiongeze kila mwaka. Baada ya hapo, kabla ya kumwagilia, ingiza kidole udongoni. Kikikuta unyevu, subiri, na siku ya kumwagilia ikifika, mwagilia kwa wingi ili mizizi ifuate maji chini.

Ukishalichimba hilo shimo, niandikie ulichokikuta, kisha tutazungumza habari za mpira.

Wako wa siku zote.