Taarifa ya mwenyekiti kwa mkutano mkuu wa mwaka: Orodha mbili zisizokutana

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama, na vijana mliotoka mbali kuja hapa leo, nawasalimu nyote kwa heshima.

Kwanza tuwaombee wenzetu waliofariki mwaka 2025 wakiwa bado wanawatafuta watu wao. Majina yao yamo kwenye kumbukumbu za chama chetu cha familia za waliopotea, na kesi walizotuachia hatutazifunga kwa sababu aliyezifungua hayupo.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi nitazungumzia jambo lililotushughulisha zaidi mwaka mzima: kwa nini miili inapatikana, watu wanatafutwa, na bado majina hayapatikani.

Nchi yetu ya Kenya ina orodha mbili. Ya kwanza ni ya waliopotea, nayo imetawanyika katika OB, yaani madaftari ya matukio ya vituo vya polisi, kila kituo na lake. Ya pili ni ya miili isiyotambuliwa, nayo iko mochari, kila mochari na kumbukumbu zake. Anayejaribu kuzikutanisha ni mama mwenye picha mkononi, anayelipa nauli hadi hospitali moja, anafunguliwa majokofu, anatazama, anaondoka kwenda nyingine. Hiyo ni kazi ya serikali, na mimi sitachoka kusema hivyo.

Shakahola, msitu wa Kilifi ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga hadi kufa na kuzikwa humo, ilituonyesha serikali inaweza kufanya nini ikiamua. Makaburi yalianza kufukuliwa Aprili 2023, na mwishowe miili iliyotolewa katika msitu ule ilipita 400. Wataalamu wakiongozwa na mwanapatholojia mkuu wa serikali, Dkt. Johansen Oduor, waliifanyia uchunguzi mmoja baada ya mwingine, wakachukua sampuli za vinasaba, yaani DNA. Shirika la Msalaba Mwekundu lilifungua dawati Malindi, jamaa wakaandikisha watu wao na kutoa sampuli. Kwa mara ya kwanza tuliona orodha zote mbili zikiwekwa mahali pamoja.

Hata hivyo, familia za kwanza zilikabidhiwa wapendwa wao Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye, na wakati huo majina yaliyokuwa yamethibitishwa kwa DNA yalikuwa 34 tu. Kemikali za maabara zilikuwa haba. Lakini liko jambo jingine ambalo naomba mlisikilize vizuri, maana linatuhusu sisi wenyewe.

Mtu mzima aliyechukua kitambulisho ameacha alama za vidole kwa serikali. Mwili wake ukipatikana mapema, vidole vinaweza kumtaja. Mtoto hana kitambulisho, na Shakahola ilikuwa na watoto wengi mno. Na mwili uliokaa ardhini miezi hauna tena vidole vya kusomeka, hata uwe wa mtu mzima. Hapo hubaki mfupa na jino, na vinasaba vilivyomo havina maana mpaka vipate ndugu wa kulinganishwa naye. Sasa fikirini nyumba ambayo baba, mama na watoto wote waliingia msituni pamoja. Nani atatoa sampuli? Wengine walitoka mikoa ya mbali, na jamaa waliobaki nyumbani huenda hawajui kwamba wao ndio wanaohitajika.

Kwa hiyo nawasihi: msidhani ni mzazi pekee anayefaa. Vipo vinasaba ambavyo mama huwapa watoto wake wote, na vizazi hupita bila kubadilika sana. Bibi mzaa mama, mjomba, mama mdogo, mtoto wa dada, wote wanavyo. Kwa wanaume, upande wa baba una vyake: babu mzaa baba na ami wanaweza kusaidia. Sampuli ya jamaa mmoja wa mbali haitoshi kumaliza shaka, ndiyo maana tunataka waende wengi. Kinachochukuliwa ni mate kidogo tu ndani ya shavu.

Agosti 2025 tukarudishwa kulekule. Makaburi mengine yalifukuliwa Kwa Binzaro, katika eneo la Chakama ilipo Shakahola, na miili zaidi ya 30 ikatolewa. Baadhi yenu mlinipigia simu usiku ule habari ilipotoka, na sikuwa na jibu la kuwapa zaidi ya kuwaambia tuonane asubuhi.

Wala hili si la Pwani peke yake. Mapema 2022 tulisikia ya Mto Yala, magharibi mwa nchi, ambako miili zaidi ya 20 iliopolewa. Julai 2024 ikawa Kware, Nairobi, miili ya wanawake ikitolewa kwenye magunia katika timbo la mawe. Kila mara familia kutoka pembe zote za nchi hukimbilia mochari moja, kwa sababu hakuna mahali pengine pa kuuliza.

Sheria ya kutuondolea hali hii ipo. Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Uchunguzi wa Vifo ilipitishwa 2017. Ingetekelezwa, vifo vya mashaka vingechunguzwa na ofisi huru isiyo chini ya polisi. Vilevile Kenya ilitia saini mkataba wa kimataifa wa kuwalinda watu dhidi ya kutoweshwa Februari 2007, na haijauridhia. Tarehe 30 Agosti, siku ya kuwakumbuka waliotoweshwa, tuliyasema yote mawili hadharani na tutayarudia. Tunadai pia rejista moja ya taifa. Wizara ya Sheria ya Marekani inao mfumo uitwao NamUs, unaoweka pamoja waliopotea, wasiotambuliwa na waliotambuliwa lakini hawajachukuliwa na jamaa. Nasi tunaweza, maana alama za vidole tayari tunazo.

Kwa mwaka ujao, kamati inapendekeza kazi moja kubwa: kila familia iwe na faili kamili. Namba ya OB, picha iliyo wazi, alama za mwilini, mfupa uliowahi kuvunjika, jino lililong'olewa, nguo ya mwisho, na majina ya jamaa wa damu walio tayari kutoa sampuli. Na mkiambiwa kituoni msubiri saa 24 kabla ya kuripoti, kataeni kwa adabu. Hakuna sheria inayosema hivyo.

Nawashukuru wanakamati, na wale wenzetu waliokuwa wakiwasindikiza wageni mochari ili asiingie mtu peke yake. Fomu za faili ziko kwa katibu, meza ya karibu na mlango. Kabla ya chakula, kila familia ipite pale ichukue ya kwake, na asiyejua kuandika atasaidiwa papo hapo.