Mama Neema, mbegu za mathenge sitakutumia

Marigat, Baringo
9 Februari

Mpenzi Mama Neema,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Sisi wazima, watoto wamerudi shule, na mama anakuulizia kila akisikia mtu anataja Same, huko kwenu Tanzania. Pole sana kwa ukame. Uliponiambia ng'ombe watatu wameondoka ndani ya mwezi mmoja, nilikosa hata neno la kukujibu kwenye simu.

Sasa ombi lako. Umeniagiza kilo mbili za mbegu za mathenge, ule mti wa miba, nimpe dereva wa lori, upande uzio kuzunguka boma na mbuzi wapate maganda wakati wa kiangazi. Najua uliuona mti huu ulipokuja kwenye harusi ya mdogo wangu: kila kitu kimekauka, wenyewe umesimama kijani kibichi, umejaa kivuli na maganda ya manjano. Mama Neema, mbegu hizo sitakutumia. Na nakuomba usimwagize mtu mwingine.

Usidhani nakunyima. Hata sisi tuliupokea kwa mikono miwili. Kule Pwani, karibu na Mombasa, ulipandwa mwaka 1973 kufunika machimbo yaliyoachwa wazi, kwa mbegu kutoka Brazil na Hawaii. Huku kwetu ulikuja mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mradi wa miti ya kuni. Ardhi ilikuwa tupu, vumbi likivuma watu wanafunga milango mchana, na kuni zilitafutwa mbali. Mama anasema miche ile waliinywesha maji ya kuteka mtoni. Na vumbi lilipungua kweli, hilo silikatai.

Ila uzio unaoufikiria hautakaa kwenye mstari wako. Ganda la mathenge ni tamu, mbuzi analifuata popote, na ng'ombe vilevile. Utamu unaishia tumboni lakini mbegu ni ngumu, inatoka nzima ndani ya kinyesi, imeshapata na mbolea yake, mbali na pale ilipoliwa. Kila anayechunga anaupanda bila kushika jembe. Mto Perkerra na Mto Molo ikifurika inabeba zilizobaki. Malisho ya Ng'ambo na Salabani, mama alikochunga akiwa msichana, leo kuna sehemu hupenyi. Miti imeshikana, chini yake nyasi hazioti, ni udongo mtupu na miba. Mwiba wenyewe unatoboa akala, viatu vya tairi.

Nikueleze habari ya mbuzi wangu mmoja, kwa sababu najua unawafikiria wako. Alikuwa jike jeusi mwenye doa jeupe kwenye paji, mzazi mzuri, mara nyingi pacha. Ukame uliopita alikula maganda miezi mitatu, maana hakukuwa na kingine. Siku moja nikaona majani yanamdondoka mdomoni, anatafuna nusu anaacha. Nikamkamata, nikamfungua mdomo. Mbuzi ana meno ya mbele ya chini tu, manane; kwake yalibaki matatu, nayo yanacheza. Nyuzi za ganda, zinanata kama asali iliyoganda, zilikuwa zimejisokota kwenye ufizi, na ufizi umekuwa mweusi, unanuka. Nilizitoa kwa njiti, moja moja. Alitetemeka lakini hakulia. Nilimpikia uji wiki tatu, akafa huku maganda yametapakaa uani.

Mwaka 2006 wenzangu wa jamii ya Ilchamus, wafugaji wa huku Baringo, waliishtaki serikali kwa kuuleta mti huu, na mbuzi asiye na meno akapelekwa mpaka mahakamani Nairobi awe ushahidi. Kuna waliocheka. Mimi nikikumbuka mdomo ule, sijaona cha kuchekesha. Mwaka 2008 mathenge ukatangazwa rasmi kuwa gugu hatari, lakini visiki viliendelea kuchipua. Huko Brazil, ambako nako uliletwa kutoka kwingine, mifugo iliyolishwa maganda haya kwa muda mrefu ililegea misuli ya taya. Ugonjwa wenyewe wanauita cara torta, uso uliopinda.

Utaniuliza mbona hatuukati. Tunaukata! Mkaa wake ni mzuri, moto mkali, na kuna nyumba hapa zinazolipa karo kwa magunia hayo. Nyuki nao wanayapenda maua yake. Sitakudanganya kwamba hauna faida. Lakini mchoma mkaa anakata shina juu ya ardhi, ndipo panga linapofika. Mvua moja tu, kisiki kinatoa machipukizi mengi mahali pa shina moja, na kichaka kinakuwa kizito kuliko kilivyokuwa. Inabidi ufukue udongo, ukate chini kabisa mzizi unapoanzia, halafu urudi kila baada ya mvua kung'oa miche, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu mbegu zimelala ardhini zinasubiri.

Mimi na Baba Lekishon tulisafisha nusu ekari kwa sururu na mikono. Tukapanda nyasi za malisho, na msimu wa pili tukafunga marobota machache, tukauza. Nilifurahi mpaka nikalia. Ila nusu ekari hiyo imetula miaka mitatu, na wewe kuujaza mti huu shambani kwako kunahitaji asubuhi moja tu. Maganda ya pale uani sasa tunayaokota mapema, tunayasaga mbegu zikapondeka, tunawachanganyia mbuzi kidogo tu na majani makavu. Hiyo ni kazi ya mtu ambaye mti tayari anao.

Na malaria unaijua. Kule Mali watafiti walikata matawi yenye maua ya mti huu katika baadhi ya vijiji, mbu wakapungua kwa zaidi ya nusu, maana mbu hula utamu wa maua. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2017. Mimi nikikuona unapanda kitu hicho karibu na dirisha la watoto, sitalala.

Kwa uzio, panda minyaa, ile ile ya bibi yako, mbuzi haigusi. Kwa chakula cha kiangazi, iacheni migunga ya kwenu isimame. Maganda yake mbuzi wenu wameyala tangu zamani na meno yao yako. Ongea na Baba Neema muikataze kukatwa, hata michache iliyo njiani kuelekea kisimani.

Jambo la mwisho. Malori ya mifugo yanasafiri mbali, na mbegu zinasafiri nayo. Ukiona kando ya barabara mche wenye majani madogo madogo na miba miwili miwili kwenye kila kifundo, ung'oe ungali mdogo, pamoja na mzizi wote.

Wako akupendaye,
Nasieku