Kabla hujanunua sensa

Rafiki yangu Idrisa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili, maana najua unavyolipenda hilo gari. Unasema lilikuwa likienda kilomita 10 kwa lita, sasa haliendi hata 8. Taa ya injini haijawaka, na fundi anataka ubadilishe sensa za oksijeni, plagi na filta ya hewa kwa mpigo mmoja. Nakuomba usinunue chochote kwanza. Upungufu wa kiasi hicho lazima uonekane kwenye vipimo, na vipimo ndivyo vitakavyokuonyesha kifaa kibovu.

Anza na hesabu yenyewe. Namba ya dashibodi ni makadirio ya kompyuta, usiitegemee. Jaza tanki mpaka pampu ijizime yenyewe, andika odometa, endesha mpaka tanki likaribie robo, kisha jaza tena kwenye pampu ileile na ugawe kilomita kwa lita zilizoingia. Rudia kwa matanki matatu, kwa sababu tanki moja hudanganya kirahisi. Umeniambia pia kwamba umefunga rimu na tairi kubwa zaidi. Hilo ni jambo la kupima peke yake: linganisha odometa na GPS ya simu kwa kilomita 20 hivi. Kama mzingo wa tairi mpya umezidi kwa asilimia 4, basi kila kilomita 104 unazotembea zinaandikwa 100, na wewe unadhani gari linakula mafuta kumbe ni odometa inayokupunja. Angalia pia kama petroli unayojaza imebadilika. Yenye ethanoli asilimia 10 ina nishati pungufu kwa karibu asilimia 3 kuliko petroli tupu. Na kama siku hizi safari zako ni za kilomita tatu nne, injini haipati nafasi ya kupata moto, na injini baridi hupewa mafuta ya ziada.

Tuseme umepima na upungufu ni wa kweli. Swali linalofuata ndilo linaloamua kila kitu: je, injini inachoma mafuta vibaya, au inachoma vizuri ila kuna kitu kinalishika gari? Watu wengi hukimbilia injini. Mimi ningeanza chini, kwenye magurudumu, kwa sababu huko kupima ni rahisi.

Pima upepo tairi zikiwa baridi, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango. Kisha endesha kilomita 15 za barabara tulivu, usimame taratibu bila kukanyaga breki sana, na upime joto la kila disko kwa kipimajoto cha miale, usiguse kwa mkono. Linganisha kushoto na kulia kwa ekseli moja. Tofauti ya nyuzi 30 au zaidi inaonyesha breki ya upande wenye joto inashika. Inua gurudumu hilo. Likiwa gumu kuzunguka, fungua kidogo skrubu ya kutolea hewa kwenye kaliper (kifaa kinachobana disko). Likilegea palepale, presha ilikuwa imenasa, na mara nyingi kosa ni bomba la mpira la mafuta ya breki lililovimba kwa ndani. Likibaki gumu, basi ni pistoni yenye kutu au pini za kutelezea zilizokauka grisi. Kwa magurudumu ya nyuma, kagua pia kama kebo ya handbreki inarudi mpaka mwisho. Ukishafungua skrubu hiyo, utoe hewa kwenye mfumo kabla ya kurudi barabarani.

Alaimenti, yaani mpangilio wa pembe za magurudumu, nayo usiipuuze, hasa kwa gari lililoshushwa springi. Pitisha kiganja juu ya kashata za tairi, kutoka nje kwenda ndani, kisha urudi. Ukihisi ulaini upande mmoja na makali upande mwingine, tairi zinaburutwa. Tairi pana zenye mpira laini hula nguvu hata zikiwa sawa, sembuse zikiburutwa.

Magurudumu yakiwa safi, ndipo uchukue kisomaji cha OBD, kifaa kinachochomekwa kwenye gari kusoma taarifa za kompyuta yake. Usitafute kodi za makosa (namba za hitilafu) tu, soma namba hai. Ya kwanza ni joto la maji ya injini, na ulisome asubuhi kabla hujawasha. Gari lililolala usiku kucha linatakiwa lionyeshe joto la maji na joto la hewa inayoingia yakikaribiana sana. Sensa ya maji ikionyesha baridi kuliko hali halisi, kompyuta inaongeza mafuta bila sababu. Kisha washa uende barabara kuu. Injini nyingi hutulia kati ya nyuzi 85 na 105. Yako ikishuka kuelekea 70 unapokwenda kasi na kupanda unaposimama, themostati imekwama ikiwa wazi. Sindano ya dashibodi haitakuambia hilo, kwani kwenye magari mengi hukaa katikati hata joto likibadilika sana.

Sasa trimu za mafuta, na hapa nataka unisome polepole, maana ndipo wengi wanapokosea. Trimu ni asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza ili mchanganyiko ubaki sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli kwa uzito. Jumla ya trimu fupi (ya papo hapo) na ndefu (inayohifadhiwa kwa muda mrefu) ikiwa ndani ya 5, juu au chini, usihangaike. Ikivuka 10, kuna jambo. Lakini trimu ya +15 haina maana kwamba gari linatumia mafuta asilimia 15 zaidi! Sensa ya kupima hewa ikiwa chafu, husoma hewa pungufu. Kompyuta inaongeza 15 ili kufika pale palipotakiwa tangu mwanzo. Mchanganyiko unabaki sawa, na mafuta yanabaki karibu yaleyale. Hasara ya kweli inatokea pale sensa ya oksijeni, ile inayopima oksijeni kwenye ekzosi, inapodanganywa. Ekzosi ikivuja kabla ya sensa, hewa ya nje huingia, sensa inasema mafuta ni machache, kompyuta inaongeza kwenye mchanganyiko uliokuwa mzuri. Silinda inayomisi, yaani isiyowasha mafuta yake, hufanya vilevile, kwa sababu oksijeni ambayo haikuungua inapita mbele ya sensa. Kwa hiyo ukiona trimu chanya, usiilaumu sensa kabla hujasikiliza gasketi ya manifoldi ya ekzosi injini ikiwa baridi, na kabla hujaangalia hesabu ya misi kwa kila silinda.

Soma trimu mara mbili: gari likiwa limesimama injini ikizunguka peke yake, kisha ukishikilia mizunguko 2,500 kwa dakika. Ikiwa kubwa mwanzoni na kushuka unapoongeza mzunguko, kuna hewa inayopenya ndani baada ya throto (mlango wa hewa ya injini). Ikiongezeka kadiri unavyokanyaga, shuku sensa ya hewa au presha ya petroli. Filta za kimichezo zinazopakwa oili huchafua waya wa sensa hiyo. Isafishe kwa dawa yake maalumu tu, bila kugusa waya. Trimu ikiwa hasi, fikiria injekta inayodondosha, valvu ya mvuke wa tanki iliyokwama wazi, au petroli iliyoingia kwenye oili. Vuta kijiti cha oili unuse; kikinuka petroli na kiwango kimepanda, chunguza pampu ya petroli ya presha ya juu.

Kwa injini ya turbo kama yako kuna mtego mmoja zaidi. Kama inapima hewa kabla ya turbo, mpasuko kwenye bomba la kwenda intakula (kipoza hewa ya turbo) unamwaga hewa iliyokwisha kuhesabiwa. Kompyuta inaleta mafuta ya hewa ambayo haikufika, na ukikanyaga unaona moshi mweusi. Bomba hilo likaguliwe kwa mashine ya moshi, maana ufa mdogo hufunguka tu chini ya presha na kwa macho hauonekani.

Mwisho angalia oktani. Kifuniko cha tanki kikidai 98 nawe unajaza 91, sensa ya kugonga, inayosikia mafuta yakilipuka vibaya, inaifanya kompyuta icheleweshe cheche, nguvu inapungua, mguu wako unakanyaga zaidi. Hilo haliwashi taa yoyote.

Kuhusu ushauri wa fundi: plagi zitoe uzikague, upime mwanya kwa kipimo cha kitabu cha gari, kwani mwanya uliopanuka huleta misi chini ya presha ya turbo. Filta ya hewa ibadilishe ikiwa chafu, ila usitarajie mafuta kupungua. Maabara ya Taifa ya Oak Ridge nchini Marekani ilichapisha vipimo mwaka 2009: kwenye magari ya petroli yenye injekta na kompyuta, filta iliyoziba ilipunguza kasi ya kuchapuka, lakini haikubadilisha ulaji wa mafuta kwa kiasi cha maana.

Niandikie ukipata haya: kilomita kwa lita za matanki matatu, tofauti ya odometa na GPS, joto la disko nne, joto la maji barabara kuu, na trimu katika hali zote mbili. Usifute kodi wala kuchomoa betri kabla ya hapo, kwa sababu trimu ndefu zitapotea nazo.

Wako,
Salma